Maji ya Paa la Nyuma

Kesi iliyonyooka kupita kiasi humtia mpelelezi mashaka, na kesi ya kifo cha fundi Beatus ilikuwa imenyooka kama reli ya kwenda Zambia. Maiti ilikuwepo, na tangi la maji lenye samaki waliokufa lilikuwepo. Mfuniko wa tangi ulifungwa kwa kufuli lenye ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulikutwa shingoni mwa msichana ambaye nusu ya soko la Ifakara ilimwona akizozana na marehemu. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alilisoma jalada mara moja, akalifunga, akasema gari la Morogoro litaondoka saa sita mchana na msichana awemo ndani yake.

Sajenti Leodegar Njahani akaomba apewe asubuhi hiyo.

"Ya nini?"

"Ya kulitazama tangi, afande. Sijalitazama nikiwa na mtu wa kunieleza."

"Tangi ni tangi, Leodegar."

"Ndiyo, afande."

Alijibu kwa heshima zote, kisha akaenda mahabusu kumtoa msichana. Miaka yake ya upolisi ilimfundisha kwamba kusema "ndiyo, afande" hakumzuii mtu kufanya lake.

Msichana mwenyewe aliitwa Careen, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa usanifu majengo kutoka chuo kimoja cha Dar es Salaam. Alikuwa amekuja bondeni kusomea jinsi nyumba inavyoweza kupata maji, hewa na ubaridi bila mashine wala umeme, kwa kutumia mvua na upepo wa hapohapo. Mzee Kelestini wa Mlabani, mstaafu wa reli, alikuwa anajenga nyumba mpya, akamruhusu aifanye darasa lake. Tangu kiangazi Careen alikuwa akining'iniza vipimajoto vyumbani, akafunga kitambaa juu ya mlingoti apate kuujua upepo, akayageuza madirisha na kulipandisha paa. Watu wa Mlabani walimcheka. Joto lilipokaza wakaanza kuja kupunga upepo barazani kwa mzee, na hata hapo hawakuacha kumcheka. Samaki walipokufa kicheko kikakatika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na safari hii kamba ilikuwa ya chuma.

"Nikuulize jambo," Leodegar alimwambia wakiwa njiani, konstebo mmoja akiwafuata nyuma. "Samaki walifuata nini ndani ya maji ya kunywa?"

"Viluwiluwi vya mbu, afande. Tangi likikaa na maji, mbu hutaga. Wengine hutia dawa. Mimi sikutaka dawa yoyote katika nyumba ile, nikaweka perege wadogo."

"Hukutaka dawa, na sasa unashitakiwa kwa dawa."

Macho ya Careen yalikuwa yamevimba, na midomo imemkauka. Leodegar alimwonea huruma, kisha akajikumbusha kwamba amewahi kuwaonea huruma wauaji wawili watatu.

Nje ya ua wa Mzee Kelestini watu walikuwa wamejaa. Aliyewaongoza kwa sauti alikuwa Evod, mtoto wa mzee, kijana mrefu mwenye shati la mistari. Yeye na mkewe Levina walikuwa wanaishi chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo mpya.

"Mmemrudisha huyu wa nini?" Evod alifoka. "Aje kutumaliza na sisi?"

"Nimekuja kuangalia tu, kaka. Hebu nisimulie tena ya jana, maana mimi ni mzito wa kushika."

Evod akasimulia. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha juzi jioni. Jana, jua lilipokuwa limeshapanda, Careen alifungua kufuli apime maji, akakuta samaki wote wanaelea. Akapiga kelele, akawakataza watu kuyagusa maji yale, akafunga tena. Mchana akaja fundi Beatus, aliyelijenga tangi, akimtafuta mzee. Mzee alikuwa shamba.

"Akasikia kiu," Evod aliendelea. "Nikamwambia, fundi, maji hayo yamekatazwa. Akasema tangi nimelijenga mimi, haliwezi kunidhuru. Akafungua koki, akakinga kiganja, akanywa. Hakufika hata barabarani."

"Kiganja."

"Ndiyo."

Jana, mbele ya Leodegar huyuhuyu, Evod alikuwa amesema kikombe. Watu hukosea, hasa wakiwa wameona mtu anakufa, na kikombe kimoja hakimfungi mtu.

"Nani mwingine alimwona akinywa?"

"Nani tena? Mke wangu alikuwa jikoni."

Daktari alikuwa ameandika kwamba marehemu alitokwa na mate mengi, mboni za macho zilikuwa zimesinyaa, na mdomo ulinuka dawa ya shambani. Sampuli ya tumbo ilikuwa inakwenda kwa mkemia, na majibu yangekuja baada ya majuma. Dawa ya namna hiyo haikosekani katika stoo ya mkulima yeyote wa mpunga, kuanzia Lipangalala mpaka Kiberege.

Mzee Kelestini alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani. Leodegar akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yangu imeingiliwa."

"Pole sana. Nyie mliyanywa maji ya tangi?"

"Nijuavyo mimi, kunywa na kupika ni maji ya kisima. Tangi tulikuwa tunangoja binti alikamilishe."

Leodegar akaomba ngazi. Akamfungua Careen pingu, jambo lililowafanya watu wa nje wagune, akamwambia atangulie kupanda. Konstebo akashika ngazi kwa uso wa mtu ambaye tayari anafikiria maelezo atakayoyatoa kituoni.

Juu ya bati jua lilikuwa linachoma. Paa lilikuwa na migongo miwili. Wa mbele ulielekea uani na wa nyuma ulielekea mashambani, umeinuliwa juu zaidi.

"Nionyeshe njia ya maji," Leodegar alisema. "Tone likianguka hapa linapita wapi mpaka lifike kinywani?"

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Careen alizungumza kama mtu anayejua anachosema. Mvua hupiga bati, ikateremka mferejini. Mfereji wa mbele na wa nyuma hukutana kwenye bomba moja la pembeni, na bomba hilo huingia tangini kupitia wavu wa chujio.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuyaharibu maji bila kugusa kufuli lako."

"Anaweza, kama atapita juu. Nilimweleza afande aliyeniandika maelezo. Akasema nijibu ninachoulizwa."

"Endelea."

"Tena haikutakiwa iwe hivi. Mvua ya kwanza huosha paa, inabeba vumbi na mavi ya ndege. Hapa pembeni palitakiwa kuwe na mabomba ya kuyanasa maji ya kwanza na kuyamwaga nje, ndipo yale safi yaingie tangini. Mabomba yenyewe yaliibwa stoo."

"Ndiyo yaliyowagombanisha na Beatus sokoni?"

"Nilidhani kayachukua yeye." Careen aliinamisha kichwa. "Nilimtukana mbele ya watu, afande. Akaniambia si yeye, mwizi anamjua, na atamtaja mbele ya mzee mwenyewe. Jana ndiyo alikuwa anakuja kumtaja."

Leodegar alimtazama. Katika jalada lote hapakuwa na habari hiyo. Palikuwa na matusi tu, maana matusi ndiyo yaliyosikika mbali.

Akatambaa mpaka ukingo wa mbele. Katika mfereji mlikuwa na kumbikumbi walioruka baada ya mvua. Wengine walikuwa wamekatika mbawa lakini wanatembea, na siafu walikuwa wamejipanga wakiwakokota. Akarudi, akatambaa mpaka ukingo wa nyuma. Huku kumbikumbi walikuwa wengi zaidi, wamechanganyika na nzi, mende na hao siafu wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyetikisika. Alichokoa kwa kijiti. Wote walikuwa wafu, mfereji mzima.

"Umewahi kuona hivi?"

"Hapana," Careen alisema polepole. "Paa ni moja, mvua ni moja."

Leodegar akaanza kulikagua bati la nyuma msumari kwa msumari. Kwenye msumari mmoja uliochomoza alikuta nyuzi nyeupe zimenasa, nyembamba, zilizofumwa kwa vitundu vidogo. Akazichomoa kwa uangalifu, akazitia katika bahasha, akajikuna vidole. Vidole hivyo vilikuwa vimemwasha hivyohivyo juzi asubuhi, alipopeleka chandarua chake shuleni pamoja na watu wengine kukichovya kwenye dawa ya mbu. Watu wa mradi wa vyandarua walikuwa wamewaambia wote, waziwazi, wakianike chini kwenye mkeka, kivulini. Maji yaliyobaki wasiyamwage mtoni, maana dawa ile haimdhuru mtu kirahisi lakini huua samaki.

Watu wote wa mtaa walichovya kwa mikono mitupu, na hakufa mtu.

"Shuka," alimwambia Careen. "Na ukae karibu na konstebo wangu. Usiende karibu na wale wa nje."

Chandarua cha Mzee Kelestini na mkewe, Bibi Aurelia, kilikuwa kimeanikwa uani juu ya mkeka kama walivyoagizwa, na majirani walikiona. Kilichobaki ni cha chumba cha nyuma. Leodegar akamwita Levina. Alikuja kutoka jikoni akifuta mikono kwa khanga, akapiga magoti mbali kidogo na kiti cha baba mkwe wake, macho chini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Chandarua chenu mlikichovya?"

"Ndiyo."

"Mlikianika wapi?"

Kimya.

"Nimeuliza, mama. Mlikianika wapi?"

Levina alikunja ncha ya khanga, akaikunjua, akaikunja tena. Jasho lilimtoka puani. Leodegar alikuwa ameshawahoji watu wengi, na kimya cha namna ile alikifahamu, au alidhani anakifahamu. Mbele yake alikuwepo mtu wa ndani ya nyumba, mwenye njia ya kupanda paani bila kutiliwa shaka, na sasa amefungwa mdomo na swali dogo kabisa. Mashaka yote aliyokuwa nayo yakamhamia mwanamke huyu.

"Usiponijibu hapa utanijibu kituoni."

"Mjibu afande!" Evod alidakia kutoka mlangoni. "Si ulikianika ndani?"

Levina hakumjibu hata mumewe. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. Mzee Kelestini alikuwa amegeuza uso kabisa, anatazama ukuta kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Ndipo Bibi Aurelia alipoinuka kutoka kwenye mkeka wake.

"Afande, wewe kwenu wapi?"

"Mahenge, mama."

"Mahenge hukulelewa? Unamuuliza mkamwana habari za kitanda chake, baba mkwe amekaa hapo anasikia? Hata aseme nini, atalala wapi leo?"

Leodegar aliona aibu mpaka masikioni. Alikuwa amelelewa, tena vizuri. Mama yake mzazi, kwa miaka yote ya ndoa yake, hakuwahi kutandaza hata foronya ya chumba chake mahali ambapo babu yao angepita. Upolisi ulikuwa umemsahaulisha kitu ambacho mtoto wa miaka saba wa kwao anakijua.

"Nisameheni, mama. Nisamehe, mzee."

"Nenda jikoni," Bibi Aurelia alisema. "Mimi nitakaa naye."

Jiko lilikuwa dogo, limejengwa nje kidogo ya nyumba. Leodegar aliingia akiwa amekwisha kukunja macho tayari kwa moshi, akakuta hakuna. Moto uliwaka chini ya sufuria, na moshi ulikwenda juu moja kwa moja kwenye tundu pana la matofali. Akakaa kwenye kigoda. Bibi Aurelia akakaa kati yao wawili.

"Nikianike wapi?" Levina alianza mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Uani yupo baba kutwa nzima. Zamani kwenye nyumba ya udongo nilikuwa na ua wangu nyuma, wenye uzio. Hii nyumba mpya haina. Huku nyuma ni wazi, watu wa mashambani wanapita. Chumbani kisingekauka. Nikaona juu ya paa, upande wa nyuma, hakuna atakayekiona. Kilikuwa kinachuruzika. Nilipokitoa bati lilikuwa limelowa dawa, nikasema jua litakausha. Jioni mvua ikanyesha."

"Kwa nini hukusema, samaki walipokufa?"

"Ningesema nini? Kwamba mkamwana kamwaga dawa kwenye maji?" Akamtazama mama mkwe wake kwa woga. "Tena kuna jingine, mama. Jana alfajiri njia ya kisimani ilikuwa tope tupu. Nilikinga maji ya tangi. Uji wa asubuhi niliupika kwa maji yale. Samaki walikuwa hawajaonekana. Mlikunywa nyote. Baba alirudia bakuli. Nikawa nachungulia kutwa nzima kama mko salama, kama mnapumua."

Bibi Aurelia alishika kifua, akakipapasa, kana kwamba ndio kwanza anahakikisha kuwa hajafa. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha kushtuka.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaniuliza kila saa naendeleaje."

Leodegar hakucheka. Kichwani mwake mambo yalikuwa yanajitenga upande upande. Samaki walikufa kwa dawa ya chandarua. Nyumba nzima ilikunywa dawa hiyohiyo kwenye uji, mzee wa miaka sabini kwa mabakuli mawili, na hakuna aliyetapika. Beatus alikufa kwa dawa nyingine kabisa. Basi haikutoka kwenye tangi, na ufunguo wa Careen haukuwa na maana yoyote.

"Levina," alisema, "nani alikwambia fundi alikunywa maji ya tangi?"

"Mume wangu."

"Wewe ulimwona akinywa?"

"Hapana. Mume wangu ndiye..."

Akaishia hapo. Kuni ililia motoni. Bibi Aurelia, aliyekuwa bado na tabasamu usoni, alilipoteza taratibu. Wote watatu walikuwa wameshafika mahali pamoja. Kwamba Beatus alikunywa tangini, duniani kote alikuwepo mtu mmoja tu aliyesema hivyo. Na Beatus alikuja kumtaja mwizi wa mabomba kwa mwenye nyumba.

"Ngoja kwanza," Leodegar alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko asubuhi yote. "Ni wajibu wangu kukwambia. Sheria haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Ukitaka kunyamaza kuanzia sasa, nyamaza. Hakuna atakayekushika."

"Na nikinyamaza, dada Careen atakuwaje?"

"Mkuu wangu anataka gari liondoke saa sita. Nitaandika niliyoyaona juu ya paa. Nyuzi na kumbikumbi. Sijui kama atanisikiliza."

Levina aliutazama moto. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

"Nimepika kwenye moshi tangu nina miaka minane," alisema. "Macho yalikuwa yameanza kuharibika. Dada yule alikaa hapa na mimi siku nzima, anakohoa, anapima moshi unakwenda wapi, ndipo akanijengea lile tundu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jiko langu likoje."

Akainuka. Bibi Aurelia akamshika khanga.

"Mwanangu. Ni mume wako."

"Najua, mama." Kisha akaongeza, "Na ni mwanao. Nisamehe."

Mkono wa mama mkwe ukakaa pale kwenye khanga kitambo. Halafu ukaachia.

Levina alivuka ua. Watu wa nje walinyamaza walipomwona, maana hakuzunguka pembeni kama desturi yake, alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya kiti cha baba mkwe wake na kupiga magoti. Careen, aliyekuwa kivulini pamoja na konstebo, akasimama.

"Baba, nisamehe kwa ninayoyasema. Chandarua cha kitandani kwetu nilikianika juu ya paa lako. Dawa yake ndiyo iliyoua samaki. Dada huyu hakuweka kitu. Na maji yale nilikupikia uji jana asubuhi, ukanywa, ukarudia, ukaenda shamba ukalima. Fundi hakufa kwa maji ya tangi."

Careen alijishika kichwa. "Nilipima upepo wote wa nyumba hii," alisema, hamwambii mtu yeyote. "Sikumuuliza ataanika wapi."

Mzee Kelestini alikuwa amefumba macho wakati mkamwana wake anataja kitanda. Alipoyafumbua hakumtazama yeye. Alimtazama mtoto wake mlangoni.

"Evod. Fundi alikunywa nini?"

"Mimi sikumpa kitu, baba."

"Sijauliza nani alimpa."

Evod alirudi nyuma hatua moja. Levina aliendelea kupiga magoti, kichwa chini, mabega yakimtikisika. Konstebo, aliyekuwa amesimama ubavuni mwa Careen tangu waliposhuka paani, akamwangalia sajenti wake. Leodegar akaitikia kwa kichwa. Konstebo akamwacha msichana pale kivulini, akavuka ua, akaenda kusimama mlangoni kwa Evod.